Ukurasa Aliotafuna Tobin

Siku niliyojua mdogo wangu Wren hajui kusoma, mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya vyombo, na yeye yuko nyuma yangu anasoma kama mtangazaji wa redio. Yaani anasoma mpaka raha! Sauti inapanda, inashuka, anapumzika panapotakiwa kupumzika.

"Mbweha akafika mlangoni kwa mjane," anasoma, "theluji imemjaa mgongoni..."

Mimi nasugua sufuria. Huko nyuma mashine ya kufulia inanguruma, na Mama yuko hukohuko chumbani anambembeleza Tobin asinzie. Kwetu ndivyo tunavyosoma, bwana. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafanya kazi, masikio ndiyo yanayosahihisha. Ukikosea, Mama anapaza sauti kutoka popote alipo, hata kama ana vibanio vya nguo mdomoni. Wren alikuwa hakosei.

Sasa Tobin hakusinzia. Alitoka chumbani akitambaa, akapita chini ya meza, na mimi nikageuka kumwangalia asije akafika kwenye jiko la kuni. Nikamkuta amekaa kitako, anatafuna. Nikamwingiza kidole mdomoni. Karatasi! Imelowa mate, ina picha ya nusu mbweha.

Nikamtazama Wren. Kitabu kiko wazi mbele yake, ukurasa umechanwa sijui tangu lini, pamebaki meno ya karatasi tu. Na yeye anaendelea, macho yake yako pale pale patupu, anasoma maneno ambayo yako mkononi kwangu.

"Wren," nikamwambia polepole. "Unasoma wapi hapo?"

Uso ukawa mwekundu mpaka masikio. Halafu akasema kitu ambacho sitasahau: "Usimwambie Mama. Atarudi kulala."

Basi nieleze hapo. Nyumba yetu iko milimani, Missouri, mwisho wa barabara ya changarawe. Shule yetu ni meza ya jikoni. Mimi nina miaka kumi na saba na sijawahi kukanyaga shule nyingine, Wren ana tisa, naye vilevile. Kupima unga wa mkate wa mahindi ni hesabu. Kuzoa majivu ni sayansi. Kukunja shuka zenye mpira kwenye pembe, Mama aliita jometri, na ukweli hakuna jometri ngumu kama ile. Watu wa kusomea nyumbani mnajua aibu yetu moja: hatujui tuko darasa la ngapi. Ukituuliza tunamtazama Mama. Mwanamke wa kwenye kaunta dukani alishamuuliza Wren, "Mrembo, uko darasa la ngapi?" Wren akamtazama Mama, Mama akacheka akasema, "Darasa la jikoni!" Tulicheka njia nzima kurudi. Ukawa ndio utani wa nyumbani. Nani kaunguza maharage? Darasa la jikoni!

Hiyo ilikuwa kabla ya Tobin. Tobin alipozaliwa, Mama alirudi nusu. Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Alikuwepo, ananyonyesha, anajibu ukimwita, lakini kama mtu anayeongea na wewe kupitia kioo cha dirisha. Kuna siku hakutoka kitandani kabisa. Na siku alizotoka, nakwambia kweli, alitoka kwa sababu ya meza ile. Atasikia Wren anaanza kusoma, atakuja na ile gauni ya kulalia, nywele zimesimama, ataegemea mlango kidogo, atasema "vizuri, mwanangu," na siku itaanza. Wren aliliona hilo kabla yetu sote. Ndiyo maana hakuacha kusoma hata siku moja. Kusoma, namaanisha, hivyo alivyokuwa anasoma.

"Umejifunzia wapi maneno yote hayo?" nikamuuliza.

Akatoa mfukoni simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka. Nikakumbuka. Kipindi cha baridi kilichopita, Mama akiwa na tumbo kubwa, Baba aliomba atumiwe sauti ya Mama. Baba anaendesha lori, mara Texas, mara Ohio, akasema barabara ni ndefu, arekodiwe Mama akitusomea. Nikawa naiweka simu mezani, naibonyeza, naendelea na kazi zangu, nikimaliza naituma ile sauti bila hata kusikiliza. Wren alikuwa amehifadhi zote. Alikuwa analala nazo sikioni.

"Herufi huzijui kabisa?"

"Nazijua. Zikiwa moja moja." Akajikuna. "Zikikaa pamoja zinakimbia."

Nikasema basi, mimi nitakufundisha, kimyakimya, hakuna atakayejua. Rahisi kusema! Asubuhi kuna kuku, kuna kuni, kuna nepi. Nilimwekea herufi kwenye unga uliomwagika, nikamwandikia kwenye vumbi la gari, tukaandika kwenye ukungu wa dirisha wakati nguo zinazunguka. Kila tukianza, Tobin analia au sufuria inafurika. Mara moja tu alisoma neno zima peke yake, "jam," kwenye chupa ya matunda. Akalirudia siku nzima, jam, jam, jam, mpaka nikamwambia nyamaza sasa, na mpaka leo natamani nisingemwambia.

Halafu Baba akapiga simu. Aliwekwa kwenye spika, sauti ya injini nyuma yake.

"Lorna, mama yangu atakuja Jumapili baada ya kanisa. Amsikilize Wren."

"Amsikilize kwa nini?" Mama akauliza.

"Kwa sababu nakuuliza hali ya nyumbani unasema nzuri, na mama akipita anakuta vyombo mpaka dirishani. Sikulaumu, mpenzi. Mtoto akisoma, sitafungua mdomo tena. Asiposoma, Jumatatu anapanda basi la njano la shule kama watoto wengine. Na wewe upumzike."

"Anasoma, Dale. Anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi umri wake." Na Mama akatabasamu! Ilikuwa muda mrefu sijaona. "Mwache mama yako aje."

Wren alinitazama. Mimi nikatazama sinki.

Mnaona tulipofika? Tungesema ukweli, tungemvunja Mama kwenye kitu kimoja alichobaki anajivunia. Tungenyamaza, basi tunyamaze vizuri. Nikachagua kunyamaza vizuri. Nikachukua kile kipande alichotafuna Tobin, nikakianika karibu na jiko, nikakibandika kwa gundi ya karatasi. Kilikaa kimekunjamana, kona nzima haipo, lakini kilikaa. Nikamwambia Wren, Bibi akisema soma, chukua cha mbweha, hicho unakijua mpaka mwisho. Na uwe unafungua kurasa! Tukafanya mazoezi ya kufungua kurasa. Mimi nakohoa, yeye anafungua.

Jumapili ikafika na mvua ya barafu. Bibi Verdie akaingia na sufuria ya kuku na madonge ya unga, viatu vyake vya kanisa vimefungwa mifuko ya nailoni. Maisha yake yote alipika kwenye jiko la shule ya mjini, na kwake mtoto asiyekula chakula cha mchana kwenye trei hajalelewa.

"Mnaonekana wembamba," akasema. "Lorna, we unakula?"

"Nakula, Mama."

"Huli. Junia, mama yako anakula?"

"Anakula mkate wetu, Bibi, ndio maana sisi wembamba."

"Mdomo huo!" Lakini alicheka. Akavuta kiti, akakiweka ubavuni kwa Wren, sawasawa bega kwa bega, akavaa miwani. Miezi yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kukaa ubavuni kwa Wren. Sote tulikuwa masikio tu. "Haya, kuku wangu. Nisomee. Nitakufuata kwa kidole, macho yangu hayaoni vizuri siku hizi."

Mama alikaa ng'ambo ya meza, Tobin yuko mapajani. Alikuwa amechana nywele. Alikuwa amevaa ile sweta ya bluu.

Wren akaanza. Vizuri! Mimi nakohoa, anafungua. Bibi anafuata kwa kidole, anatikisa kichwa, "mm, mm." Mama macho yanang'aa. Wakafika ukurasa uliobandikwa.

"Mbweha akafika mlangoni kwa mjane, theluji imemjaa mgongoni. Mjane alikuwa amepiga magoti, anaomba. Akasema, Bwana, unga umekwisha na baridi haijaisha. Siwezi na mtoto mwingine, Bwana. Siwezi. Mimi sina nguvu hizo, nichukue mimi au umchukue yeye. Mbweha akabisha hodi. Mjane akasema, nani huko?"

Kidole cha Bibi kikasimama.

"Rudia hapo, kuku wangu. Sijapaona ulipo."

Wren akarudia. Na sauti ileile, na ule mkwaruzo mdogo kabla ya "nichukue." Mimi maneno yale nilikuwa nimeyasikia asubuhi nyingi nikiosha vyombo. Nilidhani ni mjane. Haki ya Mungu nilidhani ni mjane anaomba! Wren naye alidhani ni mjane. Nani angejua kitabu kimeishia wapi na nani mwingine ameanzia wapi?

"Hapa pameandikwa, baridi haijaisha," Bibi akasema, pua karibu na karatasi. "Halafu mbweha akabisha hodi. Huyo mtoto yuko wapi? Mjane hana mtoto humu."

Mvua ikawa inagonga dirisha. Nikaruka, mdomo wangu ukatangulia kabla yangu: "Ni kona ile, Bibi! Tobin aliitafuna. Ona, kipande hakipo. Maneno yalikuwa hapo."

Bibi akageuza ukurasa huku na huku. Akamtazama Tobin kwa jicho la mzaha. "We mwizi. Kumbe umekula mistari mizima?" Akacheka, akaanza kuvua miwani. "Basi, anasoma huyu. Nitamwambia Dale anasoma."

Ilikuwa imeisha. Nakuapia, ilikuwa imeisha, tumepona. Nikamtazama Mama nimpe jicho la furaha.

Mama alikuwa mweupe kama sahani. Mkono wake ulikuwa umefunika sikio la Tobin. Sikio moja, lile la upande wa meza.

"Hakuyala," akasema.

"Nini, Lorna?"

"Hayamo kitabuni, Mama. Hayo ni yangu. Niliyasema mimi." Alisema taratibu, kama anayetafuta kila neno chini ya kitanda. "Junia na Wren walikuwa wametoka kuleta kuni. Nikaisahau simu mezani, nikadhani niko peke yangu."

Bibi Verdie akairudisha miwani machoni.

Mama akakivuta kitabu, akakigeuza, akakiweka mbele ya Wren. "Nionyeshe neno mjane."

"Mama..." nikasema.

"Junia, nyamaza. Wren, mwanangu, sina hasira. Nionyeshe tu."

Wren akaangalia ukurasa muda mrefu. Kidole kikazunguka juu yake kama nzi asiyejua pa kutua. Kikatua kwenye picha ya mbweha. Machozi yakaanza kudondoka kwenye gundi yangu.

"Naweza kusoma jam," akasema.

Mama akainuka, akampa Bibi Tobin, akazunguka meza, akapiga magoti pale chini kwenye makombo na kumkumbatia. "Ulikuwa unanisikiliza kila usiku?" akamuuliza kwenye nywele. Wren akatikisa kichwa kuwa ndiyo. "Na hapo pia? Ulikuwa unasikia hapo pia?"

"Hapo ndipo napapenda," Wren akasema. "Mjane anaongea kama wewe."

Baba alipiga jioni. Alizungumza na Mama chumbani, sikusikia ila mwisho tu, Mama akisema, "Ulinisikia, Dale? Ulikuwa umesikia tangu wakati ule?" Halafu, "Ulidhani ni hadithi. Haya. Hata mimi ningedhani hivyo."

Jumatatu Mama aliamka kabla yetu sote. Alimchana Wren nywele mwenyewe, akamfunga mkanda wa sweta ya Bibi iliyokuwa kubwa mno. Tulisimama watatu mwisho wa barabara ya changarawe, Tobin mgongoni kwangu, barafu imeshika nyaya za umeme. Basi likaonekana likishuka kilima, njano tupu kwenye ule weusi wote wa alfajiri.

"Mama," Wren akasema. "Wakiniuliza niko darasa la ngapi?"

Mama akamnyoosha kola ya sweta.

"Niseme darasa la jikoni?"

"Hapana, mpenzi wangu. Usiseme hivyo." Akamfunga kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa. "Waambie hujui. Watakuambia wao."

Mlango wa basi ukafunguka, ukajifunga. Wren alikaa dirishani lakini hakupunga, alikuwa anamwangalia Mama, kama anavyomwangalia dukani, anasubiri jibu.

Tulirudi ndani. Nikamlaza Tobin, nikajaza sinki maji. Nyuma yangu Mama akakaa mezani. Nilisikia kiti, nikasikia kurasa. Nikangoja sauti, maana asubuhi kwetu huwa kuna sauti, lakini haikuja. Nikageuka, mikono inachuruzika sabuni. Kitabu kilikuwa wazi kwenye ule ukurasa. Mama alikuwa ameshika simu ile ya zamani, ameibana sikioni kwa mikono miwili, na midomo yake inafuata.