Kavindu Ataitwa

Kwa miaka sita, pale Kabati, mtu akianguka mchezoni aliitwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni, na aliyeileta ni Mwalimu Syombua mwenyewe, kwa hiyo tusianze kumtafutia mtu mwingine wa kulaumiwa.

Mchezo wenyewe unaitwa Nyanda Tisa. Ni mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji ana mhusika wake, ambaye maisha yake yote yamo kwenye karatasi moja. Mwenye meza anasimulia kilicho mbele yao, iwe mto, jambazi au mlango uliofungwa, nao wanasema watafanya nini. Pale bahati inapotakiwa, dadu inarushwa. Kila Jumapili baada ya ibada watu watano walikutana katika duka la ushonaji la Kanyiva. Yeye aliondoa mikasi na vitambaa kwenye meza ya kukatia nguo, Syombua akachora ramani juu ya mbao zenyewe kwa chaki ya fundi, na safari ikaanza. Mhubiri aliwahi kuuliza habari za zile dadu, akaambiwa ni za hesabu. Aliridhika, kwa kuwa aliyemjibu ni mwalimu, ingawa mwalimu mwenyewe anafundisha Kiingereza.

Naam, Kiingereza, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanzia. Kitabu chao cha kanuni kilikuwa fotokopi ya toleo la pili, iliyofifia na kukatika pembeni, na Syombua aliifasiri ukurasa kwa ukurasa kwa penseli. Alipofika kwenye habari za kuanguka, kitabu kilisema kuwa baada ya mizunguko mitatu, aliyeanguka “is called” mezani. Syombua akaandika pembeni: ataitwa. Aitwe vipi? Kwa jina, bila shaka, maana mtu huitwa kwa jina. Mara ngapi? Kitabu hakikusema, wakaona mara tatu zinatosha. Halafu? Mistari miwili ya chini ilikuwa imeliwa na mashine, kwa hiyo wakajazia wenyewe. Mchezaji arushe dadu ya pande ishirini. Akipata kumi au zaidi, mhusika wake ameitika na anainuka. Akipata chini ya hapo, hakuitika, na karatasi yake inakunjwa.

Waliowahi kuitwa kwenye meza ile walikuwa watatu tu. Wawili walikuwa wa Mbaluka, fundi wa pampu za visima, mtu ambaye hajawahi kuuona mlango asitake kuupiga teke. Hao hawakuitika. Wa tatu alikuwa Kavindu, mhusika wa Kanyiva.

Kavindu alikuwa mwanamke mzee wa kuchimba visima. Hakuwa na upanga wala uchawi, ila aliweza kulaza sikio chini na kusema maji yako wapi. Miaka mitatu iliyopita alianguka darajani akiwazuia majambazi ili wenzake wavuke. Siku hiyo walimwita kwa sauti mpaka muuza viatu wa mlango wa pili akaja kuchungulia kuna nini. Kanyiva alirusha dadu huku amefumba macho. Kumi na moja. Mbaluka alimkumbatia mwenye duka mpaka akaangusha mashine ya kushona.

Tangu siku hiyo Kavindu alichimba visima saba. Navyo havikubaki Kabati, kwa sababu meza ya Kabati ilikuwa moja kati ya nne zilizocheza katika nchi moja ya kubuni. Nyingine zilikuwa Kwa Vonza, Emali na mji wa Wote. Mara moja kwa mwaka meza zote zilikutana Wote kuunganisha habari na kuchora ramani kubwa, na lililofanywa na meza moja likawa kweli kwa wote. Watu wa Wote walikuwa wamejenga mji mzima, Mji wa Jivu, kandokando ya kisima cha tano cha Kavindu.

Mwaka huu mwezi wa saba, toleo la tatu likatoka. Katika kila meza watu walinung'unika, kama watu wanavyonung'unika serikali ikibadilisha mtaala. Mbaluka aliapa kuwa hatagusa kitabu kipya, na siku ya pili akawa amekisoma chote kwenye simu. Mratibu wa ligi ya meza hizo nne akatuma fomu: kila mhusika ahamishwe katika kanuni mpya kabla ya mkutano wa Wote, aandikiwe kila mara aliyowahi kuanguka, na mwenye meza atie sahihi kuwa ameishi kwa mujibu wa kanuni.

Syombua alikisoma kitabu kipya Jumatano, ofisini mwa walimu, mbele ya rundo la insha za kidato cha pili. Mwanzoni kulikuwa na ukurasa wa yaliyobadilika. Neno “called” limeondolewa, waliandika, kwa kuwa baadhi ya wasomaji halikuwaelea. Kuanzia sasa tunasema waziwazi: baada ya mizunguko mitatu, aliyeanguka anatangazwa kuwa amekufa.

Alirudia kusoma. Masikio yakapata moto. Neno lile halikuwa kuita kwa jina hata kidogo, lilikuwa kufunga hesabu ya mtu. Kitabu kilisema mtu akiitwa ndiyo basi, nao kwa miaka sita walikuwa wakimwita ili arudi. Na yeye huyu, mwenye kalamu nyekundu mkononi, ndiye aliyekuwa akiwakata wanafunzi maksi kwa kufasiri neno moja moja. Aliona aibu iliyomfanya ageuze kitabu kifudifudi, kana kwamba mwalimu wa jirani angeweza kuuona moyo wake kwenye ukurasa.

Halafu akamkumbuka Kavindu, na aibu ikawa kitu kidogo. Kwa kanuni ya kweli Kavindu alikuwa amefia darajani miaka mitatu iliyopita. Visima vyote saba vilikuwa vimechimbwa na maiti.

Angeweza kutia sahihi. Tuseme ukweli, nani angejua? Mahali pa kuandika mianguko angeweka kistari, na Kavindu angehamia toleo la tatu akiwa mzima na sururu yake begani. Kwa siku kumi fomu ile ilikaa kwenye mkoba wake. Jumapili moja alichora ramani, akasahau kuchora mto, na Mbaluka akauliza kama kiangazi kimefika hadi mchezoni.

Jumatatu baada ya vipindi alienda dukani. Kanyiva alikuwa akipinda sketi za shule, pini nne mdomoni. Syombua alieleza yote akiwa amesimama. Kanyiva hakuinua macho. Alitoa pini moja, akaichomeka, akatoa ya pili.

“Mwalimu, keti,” alisema mwishowe. “Hiyo maneno nilijua zamani.”

“Ulijua nini, Mama Mutanu?” Syombua akauliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

“Kwamba ulikosea. Tangu ile siku ya kwanza.”

Kabla ya kujua cherehani, Kanyiva alikuwa amefanya usafi katika wodi ya hospitali moja Nairobi kwa miaka kumi na minne. Syombua alilijua hilo, ila hakuwahi kulifikiria.

“Wodini hiyo ‘call’ niliisikia sana,” Kanyiva akasema. “Mgonjwa akishindwa, daktari anaangalia saa ya ukuta, anasema ‘call it’, yaani basi, amekufa. Nesi anaandika saa. Saa nane na dakika kumi. Saa tisa kasorobo. Jina hata halitajwi. Mimi nangoja pale mlangoni na ndoo yangu, na najiuliza, sasa huyu hakuna mtu wa kumwita?” Alivuta uzi, akaukata kwa meno. “Halafu nakuja hapa, wewe unasema ataitwa. Nikajua umekosea. Nikaona uko sawa kuliko wao.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia ungebadilisha. Wewe ni mtu wa kusahihisha.”

Syombua alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Alitoa fomu mkobani. “Naweza kutia sahihi,” alisema. “Nikiandika kuwa hakuanguka, itapita.”

“Hapana. Hiyo sahihi ndiyo unawekea watoto wa watu kwa ripoti. Usiichafue juu ya mwanamke wa karatasi.” Alinyoosha sketi kwa kiganja. “Lakini visima, Mwalimu. Wakisema alikufa darajani, vile visima tutasema ni nani alichimba?”

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, kwenye ukumbi wa kukodi Wote, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Ramani kubwa ya kitambaa ilibandikwa ukutani. Mratibu alikuwa Irungu, muuza vifaa vya ujenzi kutoka Emali, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Murang'a kabla hajazaliwa. Ni mtu anayepiga mstari chini ya jina lake kwa rula. Ligi nzima ilimtania kwa hilo, na ligi nzima ilijua kuwa bila rula ile ingekuwa imekufa zamani.

Zamu ya Kabati ilipofika, Syombua alisogea mezani na kuweka fomu ya Kavindu bila sahihi. Alieleza kosa lake mbele ya wote, kwa Kiswahili cha kawaida, bila kujitetea. Ukumbi ukaangua kicheko.

“Na ni mwalimu wa English, jameni!” mtu wa Kwa Vonza akapaza sauti.

Irungu hakucheka. Alifungua kitabu kipya, akafuata mistari kwa kidole. “Imeandikwa hapa,” alisema. “Aliyekufa kwa kanuni za zamani anabaki amekufa, kuanzia tarehe aliyoanguka. Alichofanya baadaye kinafutwa.”

“Ngoja kwanza,” akasema Muthama, mwenye meza wa Wote. “Kisima cha Mji wa Jivu pia?”

“Kila kitu baada ya hiyo tarehe.”

“Sasa watu wangu watakunywa nini?”

Kicheko kikaisha. Watu walitazama ramani, mahali pale paliposhonwa vitone saba vya uzi wa buluu, kazi ya mkono wa Kanyiva. Irungu naye alitazama, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayefurahia kazi yake.

“Mimi sipendi,” alisema. “Lakini leo tukichagua kanuni za kufuata, mwaka ujao kila meza itakuwa na zake, na hatutakuwa na ligi. Samahani, mama.”

Kanyiva aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, leso mabegani, mkoba mapajani. Syombua hakuweza kumtazama. Alijilaumu kwa kusema kweli, kisha akajilaumu kwa kujilaumu.

Irungu alivuta fomu nyingine, ya waliokufa, yenye nafasi tatu: jina, tarehe, saa. Akafungua kalamu.

“Anaitwa nani?”

“Kavindu!” wakajibu watu wa Kabati kwa pamoja. Hawakuwa wamepanga. Ni swali tu lililoulizwa, na wao watano walilijua jibu.

Huko nyuma mashine ya kukata vyuma ikawaka na kupiga kelele. Irungu akaweka mkono sikioni. “Nani?”

“Kavindu!”

Safari hii Mbaluka aliinua kichwa ghafla. Alimtazama Syombua, Syombua akamtazama yeye, na wote wawili wakafahamu ni mara ya ngapi. Irungu alikuwa ameshaandika herufi sita, akasita.

“Ni Kavindu ama Kavinda?”

“Kavindu!”

Sasa haikuwa Kabati peke yake. Muthama aliita, na meza yake yote, watu waliokuwa wameisikia kanuni ile robo saa iliyopita na tayari walikuwa na kisima cha kutetea. Hata yule wa Kwa Vonza aliita. Mashine ya karakana ikanyamaza wakati huohuo, na jina likabaki peke yake ukumbini.

Kanyiva akainuka. Alifungua fundo kwenye pembe ya leso, akatoa dadu yake ya pande ishirini, akairusha juu ya meza ya Irungu. Iligonga rula, ikageuka, ikatulia.

Nne.

“Aiya,” Mbaluka akanong'ona, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa kweli.

Kanyiva aliitazama dadu. Syombua alingoja aone uso ule ukivunjika, lakini haukuvunjika. Ulilegea tu, kama wa mtu aliyetua mzigo mahali alipopataka.

“Ameitwa, hakuitika,” Kanyiva akasema. “Amechoka, amechimba sana. Sasa unaweza kuandika, Bwana Irungu.”

Irungu alishusha kalamu kwenye nafasi ya tarehe. Mbele yake ilikuwa fomu ya Syombua, na tarehe ya darajani, ya miaka mitatu iliyopita, ilisomeka vizuri kabisa. Aliisoma. Akaitazama dadu, akamtazama yule mwanamke aliyesimama mbele yake.

“Leo ni tarehe ngapi?” aliuliza.

Alikuwa na simu mkononi, na kalenda kubwa ilining'inia nyuma yake.

“Ishirini na tatu,” Syombua akajibu.

Akaandika ishirini na tatu.

“Kwa hivyo visima vinabaki,” Muthama akasema polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja.

“Vinabaki. Alikuwa hai akivichimba.” Irungu alisafisha koo. Kalamu ikahamia nafasi ya mwisho, naye akainua mkono atazame saa yake.

“Hapo pa saa,” Kanyiva akasema, “usiandike.”

Irungu hakujua sababu, na Kanyiva hakumweleza. Mratibu alichukua rula yake, akaiweka sawasawa katika nafasi ile tupu, akapiga mstari.