Godoro la Meneja

Kwa Hilaria, pale Mkata, hukosi watu. Ukitaka kujua lori la nani limelala Segera, au binti wa nani amerudi kwao na begi, unaingia, unaagiza chai na chapati, unakaa. Habari zitakukuta hapo hapo. Na juu ya kabati la maandazi kuna redio, inawashwa anapoingia mteja wa kwanza na inazimwa masufuria yakishaoshwa.

Jumamosi hiyo ilikuwa imeshika redio mpya ya Korogwe, mojawapo ya hizi za watu binafsi zilizoota kama uyoga tangu serikali ifungue milango. Kilikuwa kipindi cha nyimbo za zamani. Mtangazaji, kijana mmoja Yordani aliyeletwa kutoka Dar, akasema leo ana kitu adimu: roki ya vijana wa mashamba ya mkonge, bendi ambayo haikufika hata Tanga mjini. Gitaa likaanza kukwaruza kama msumeno unaokata bati. Hilaria akaiacha chapati kwenye kikaango.

"Hiyo ya kwetu," akatuambia. "Ya kambini kwetu kabisa. Sikilizeni, na mimi nimo humo."

Tukanyamaza tumsikie mama yetu akiimbwa. Mwimbaji akasema, meneja wetu, halafu ukaja mlio, tiii, kama simu iliyokatika. Godoro lake, tiii. Msiponiamini muulizeni Hilaria, Hilaria ndiye analijua godoro la meneja. Wenzake wakaitikia: analijua, analijua.

Mbwana, mpiga debe wa mabasi ya Handeni, alikuwa na andazi mdomoni. Akalitafuna, akameza, akasema taratibu, "Mama Edna, kumbe."

Tulicheka, tusidanganyane. Hilaria naye akacheka, akaanza kueleza. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, anafua nguo nyumbani kwa meneja, yule aliyeletwa baada ya mashamba kutaifishwa. Mtu mkali, akikukuta umekaa chini ya mti amekufuta kazi. Sasa mkali huyo alikuwa kikojozi. Mtu mzima, suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni, na kila asubuhi godoro liko nyuma ya nyumba, juu ya ua wa minyaa, linakauka. Mbebaji ni Hilaria. Ikamshinda kukaa nayo moyoni, akaimwaga bombani, na bomba la kambi halina siri: ndoo hazijajaa, vijana wa bendi wameshatunga wimbo. Ulipopigwa kwenye ukumbi wa kambi watu walilia kwa kucheka. Meneja akaomba uhamisho. Wakataji mkonge wakawa wakimwona Hilaria wanampisha kwenye foleni ya maji, kwa heshima.

"Kwa hiyo ni mkojo tu," akamaliza.

Mkojo tu, tukakubali. Lakini basi la Handeni lilikuwa limeshapiga honi, na nusu ya waliousikia wimbo walikuwa wametoka kabla hajafika kwenye mkojo. Waliondoka na ule mlio, na jina.

Wiki hiyo wimbo ukawa wimbo. Watu walinunua kadi za salamu madukani, wakauomba asubuhi, wakauomba jioni, salamu zimwendee fulani wa Kang'ata na fulani wa Dindira, ujumbe: tunalijua. Watoto waliutoa wote na mlio wake, wanaubana puani, tiii, wanavuta mpaka pumzi ziishe. Na kwa kuwa redio imeficha, kila mtu akaziba pengo kwa alichonacho nyumbani kwake. Wanawake wa sokoni walisema neno lililofichwa ni ugonjwa. Madereva walisema mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wote walikubaliana katika kitu kimoja tu, kwamba binti anayelijua godoro la mwanamume hakulijua kwa kulitazama.

Mume wa Hilaria ni Ponsiano, fundi wa mashine za kusaga. Baba yake alikuja kukata mkonge kutoka kusini, lakini shamba lao lilikuwa jingine, upande wa pili wa mto, na wimbo ule hakuwahi kuusikia. Alimkuta Hilaria binti wa watu, akatoa mahari, wakafunga ndoa kanisani. Ni mpole, haongei hovyo. Alimuuliza mkewe swali lake mara moja tu, wamekaa mezani, na Hilaria akamjibu kama alivyotujibu sisi. Ponsiano akafikiri sana.

"Mama Edna," akasema, "redio ile ile, kila siku, inatangaza kipindupindu. Inasema kuharisha. Inasema kinyesi. Inasema kondomu, mchana, watoto wanakula. Leo iogope mkojo?"

 

Hilaria akamtajia watu wa kambini ambao wangeweza kushuhudia. Ponsiano akasema watu wa kambi moja hawaangushani. Alimtajia Mhina, mpiga gitaa wa bendi, wa Dindira. Akajibiwa kwamba Mhina ndiye mtungaji, atasema nini kingine? Redio, alisema Ponsiano, haina shangazi wala shemeji. Tangu utoto wake redio ndiyo iliyowaambia vita vimeanza na vita vimekwisha, na vilikuwa vimekwisha kweli. Siku redio yenyewe itakaposema ni mkojo, yeye atarudi. Akaweka spana zake kwenye mfuko wa salfeti, akapanda basi kwenda Kang'ata kwa kaka yake Bonaventura, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao. Habari zikatufikia kwamba Bonaventura ameita kikao Jumapili ijayo. Kikao cha namna hiyo hakiitwi kwa ajili ya kunywa chai.

Hilaria akafunga mgahawa. Mgahawa ule haukufungwa hata siku ya msiba wa mama yake. Siku ile alipika huku analia. Safari hii aliufunga, akaenda Korogwe.

Redio yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya duka la mbao, kuta zimegongomelewa trei za mayai za kuzuia mwangwi. Yordani alimpa shikamoo, akamtolea kiti, akafurahi sana kukutana na Hilaria wa kwenye wimbo. Alipoelezwa furaha ikamwisha. Akasema si yeye, ni mwenye redio. Mwezi uliopita ulipigwa wimbo wa kizazi kipya wenye tusi, wakubwa wakapiga simu, na mwenye redio anaogopa leseni kuliko anavyomwogopa Mungu. Alikaa akaandika maneno yasiyotakiwa kwenye ubao, na kikojozi limo, na mkojo limo. Kipindupindu hakimo kwa sababu kinalipiwa na wizara.

Hilaria akamwomba apige wimbo mzima, mara moja tu. Yordani akatazama sakafu. Kanda aliyoletewa na msikilizaji alishaiingiza kwenye kompyuta, akaikata huko huko, na juu ya kanda yenyewe wamerekodi matangazo ya sabuni. Kanda ni ghali, mama. Wimbo mzima haupo tena.

Hilaria alikaa pale katikati ya zile trei za mayai, akalia kwa sauti ndogo. Kijana akaingiwa na huruma, akatoka na wazo. Kwa nini mama asizungumze mwenyewe? Tunarekodi leo, tunatoa Jumamosi kwenye kipindi kile kile, kabla ya wimbo. Utaeleza yote kwa mdomo wako. Redio itakuwa imesema.

Alizungumza vizuri. Alitusimulia baadaye, neno kwa neno, na sisi tunamjua akianza kusimulia: alianzia kwenye ua wa minyaa, akaja kwenye uzito wa godoro lenye maji, akataja kikojozi mara nyingi kadiri alivyoweza ili lisipotee. Yordani alicheka mpaka akashika meza. Akamsindikiza hadi stendi. Usiku ule Hilaria akatuma ujumbe Kang'ata kwa kondakta: Baba Edna aje Jumamosi, aje na kaka yake, redio itasema.

Jumamosi mgahawa ulifurika. Waliokosa benchi walikaa kwenye makreti ya soda, waliokosa makreti walisimama dirishani, na Mbwana aliliacha basi lake likipigiwa debe na watu wasiojua kazi. Hilaria alivaa kitenge cha kwenda kanisani. Ponsiano aliingia na Bonaventura, wakapishwa mbele, wakakataa chai. Hilaria alimsalimu mumewe kwa magoti, akamsalimu shemeji yake, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kupona.

Yordani akasema leo tuna mgeni, mama Hilaria mwenyewe, na sauti yake ikatoka, safi, kama yuko ndani ya kabati la maandazi. Nilikuwa nafanya kazi nyumbani kwa meneja, ikasema. Nilikuwa binti mdogo. Sasa yule meneja alikuwa tiii.

Nilimwona Hilaria akigeuka kuitazama redio kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Kila usiku, redio ikasema, alikuwa tiii kitandani. Kila usiku. Asubuhi mimi ndiye nalibeba godoro, limelowa tiii, nalijua mimi peke yangu. Mke wake alikuwa Moshi, hajui. Nilikaa na siri ile mpaka ikanishinda. Alikuwa tiii, tiii mkubwa, na mimi ndiye shahidi. Halafu kikasikika kicheko cha Yordani, kirefu, na gitaa likaingia.

Hakuna aliyecheka.  Bonaventura alivaa kofia yake. Hilaria akaenda akaizima redio, akasimama mbele yetu.

"Kikojozi," akasema. "Nilisema kikojozi. Kila walipoweka ule mlio mimi nilisema kikojozi na mkojo. Nawaapia kwa mtoto wangu."

Tulimjibu, wengine, kwamba tunajua, Mama Edna, tunajua. Lakini tulijibu tukitazama vikombe. Hata mimi niliyeisikia habari ya mkojo tangu siku ya kwanza, ile sauti yake redioni ilikuwa imeshaingia, na ikishaingia unaitoaje? Mbwana, ambaye hana ubaya, alijaribu kusaidia. Akasema jamani mambo ya ujana haya, nani hana. Ilikuwa afadhali angempiga kofi.

Ponsiano akanyanyuka. Hakuwa na hasira, ndilo lililotuumiza. Alitoka na kaka yake kuelekea kwenye basi la Handeni, na Hilaria akamfuata hivyo hivyo bila kandambili, anaongea, anarudia godoro, ua wa minyaa, bomba, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko ule ule alioupekua. Nasi tukatoka nyuma yao. Hakuna aliyebaki ndani isipokuwa chapati.

Kwenye ngazi ya basi Ponsiano akasimama. Akasubiri Bonaventura aingie kwanza, ndipo akainama karibu na mkewe. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini sisi tulikuwa karibu kuliko inavyofaa.

"Mimi nakuamini, Hilaria. Nilipokuona unavyoitazama ile redio, nikajua ni mkojo."

"Basi shuka," akasema. "Shuka Baba Edna, twende nyumbani."

"Nishuke niende wapi?" Akatutazama sisi, mmoja mmoja, mpaka wa nyuma kabisa. "Nitakaa na hawa? Nikasage unga wa hawa? Mashineni watakuwa wanabana pua kila nikigeuka. Kwa kaka nako wamesikia, redio iko kila nyumba. Ningekuwa na wewe peke yako duniani, ningeshuka."

Hilaria alimshika mkono wa shati. Akageuka, akatuomba. Alituita kwa majina, wote, hata wasiokuwa na deni wala jema kwake, akatuomba tumwambie mumewe kwamba hatutacheka. Kitu kidogo tu. Nilifungua mdomo. Nadhani wengi tulifungua. Huko nyuma, juani, karibu na makreti, mtoto mmoja akauvuta ule mlio puani, tiii, na kwa bahati mbaya kabisa, kabla hatujajizuia, tukacheka.

Ponsiano hakuuvuta mkono. Aliuacha pale, mikononi mwa mkewe, akangoja mpaka Hilaria mwenyewe alipouachia.