Aliyesali Nje ya Dirisha

Fundi cherehani alikuwa mwimbishaji wa kwaya kwa miaka sita. Kisha akapata mimba yake ya kwanza, uchungu ukamshika siku tatu mfululizo, na mtoto akazaliwa ameshakufa. Alidhani hapo ndipo pabaya pa mwisho. Wiki ileile mkojo ukaanza kumtoka wenyewe, akae, asimame, alale.

Alijifunga matambara, akaoga mara nne kwa siku, harufu ikakataa kuondoka. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, kila mmoja na kisingizio chake. Mumewe aliaga anakwenda kutafuta kazi, ikawa moja kwa moja. Aliyebaki ni mama mkwe, mjane mwenye ulimi mkali.

"Mama, rudi kwako," fundi alimwambia. "Mwanao ameshaondoka."

"Mwanangu mtoro. Nitakaa na huyu aliyepo. Tena pua yangu ugoro uliiua zamani. Lete hayo mashuka."

Jumapili moja benchi zima kanisani lilimhama. Walisogea tu, macho kwenye vitabu vya nyimbo. Tangu siku hiyo fundi akawa anasimama nje, nyuma ya dirisha, akiitikia nyimbo kwa sauti ya chini. Mama mkwe akabeba kigoda, akakaa naye.

"Bwana," fundi aliomba, "sijui nimekosa nini. Lakini nikikuacha na wewe, nitabaki na nani?"

Miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja muuguzi aliyehamia karibuni, akiwa amechelewa ibada, aliwakuta pale.

"Mbona mko nje?"

"Huyu anavuja mkojo tangu ajifungue," mama mkwe akajibu. "Na walioko ndani wana pua laini."

Fundi alitamani ardhi impasukie. Muuguzi hakurudi nyuma; alichuchumaa mbele yake. "Dada, hiyo ni fistula. Uchungu ukikawia sana, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu mpaka panatoboka. Si laana. Na panazibwa."

"Panazibwa?"

"Panazibwa."

Mwezi uliofuata alifanyiwa upasuaji. Lakini siku aliyotolewa mpira wa mkojo, kitanda kililowa tena. Fundi alijifunika shuka gubigubi, akakataa hata uji.

"Mungu amenichezea, mama. Siombi tena."

Mama mkwe hakumhubiria. "Basi pumzika. Nitaomba mimi, wewe useme amina tu."

Siku ile hata amina haikutoka. Kesho yake ilitoka nusu. Siku ya nne mama mkwe alipofumba macho, fundi ndiye aliyeanza: "Baba, bado sielewi. Lakini nipo."

Baada ya miezi minne madaktari walirudia. Safari hii, mpira ulipotolewa, fundi alilala bila kujitikisa mpaka saa sita mchana, akiogopa hata kukohoa. Mama mkwe akapitisha kiganja chini yake, akakirudisha tena.

"Kavu," alisema. "Kavu kama mahubiri ya yule mchungaji wetu wa zamani!" Wakacheka, kisha wakalia, wameshikana shingo.

Aliporudi kanisani aliomba nafasi ya kusema, akasema yote bila kuzungukazunguka: mkojo, harufu, mume, benchi. Vichwa viliinama.

"Sikuja kumshtaki mtu," alisema. "Nimekuja kusema kwamba wakati hakuna aliyetaka kukaa karibu nami, Mungu alikaa. Hata kabla sijapona."

Ibada ilipokwisha, mwanamke mmoja aliyejifunga khanga mbili kiunoni alisubiri getini mpaka watu wakapungua. Alimshika fundi mkono, akamvuta kando ya ukuta.

"Tangu lini, dada?" fundi akamuuliza.

"Huu mwaka wa tano."

"Nyumbani kwako ni wapi? Kesho asubuhi nakuja kukuchukua."