Ikikataa, Anza Upya

Fundi cherehani alikata uzi kwa meno, akamvisha binti yake gauni alilolipunguza tena.

"Wiki iliyopita lilikutosha."

"Wiki iliyopita sikuwa nimejaribu tena, baba."

Binti alikuwa anajifunza programu huria, zile za bure ambazo eti kila mtu ana ruhusa ya kuzitengeneza. Kwenye mwongozo wa wanaoanza, kitufe cha hatua ya tano kilikuwa kibovu, na kompyuta ilikataa. Chini yake mfasiri wa mwongozo alitakiwa kuandika "rudia hatua hii". Aliandika "ikikataa, anza upya". Binti alikuwa mtiifu. Kila alipoanza upya, umri ulimpungua. Alianza mwongozo akiwa mwanamke wa kuposwa. Sasa alikuwa na mapengo mbele. Mtaa wa pili, mlinzi wa benki aliyefuata mwongozo huohuo alikuwa anabebwa mgongoni na mkewe, ambaye alilalamikia uzito tu.

Hatua ya mwisho ya mwongozo iliitwa "rejesha vyote". Kwa hiyo ilibidi afike.

Aliwaandikia wasimamizi wa mradi: kitufe ni kibovu, maneno nayo yamekosewa, marekebisho haya hapa. Wakajibu kwamba marekebisho hupokelewa kutoka kwa aliyemaliza mwongozo. Wao walimaliza zamani, kabla haujaharibika. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Akaandika tena. Wakajibu: "Kwetu inakubali. Jaribu tena."

"Usijaribu," fundi alisema. "Mama yako nimemzika. Nikuzike na wewe ukiwa kibogoyo?"

"Sizikwi, baba. Napungua tu. Na nikiacha hapa, nitabaki hapa."

Fundi shule aliisikia kengele tu. Akaweka mto kwenye kiti, akampandisha. Binti akabonyeza, hatua kwa hatua, hadi ya tano. Kompyuta ikakataa. Akarudi mwanzo, kama alivyoagizwa, na miguu yake ikaacha kufika ukingo wa kiti. Alipofika ya tano tena, aliyakodolea macho maandishi.

"Baba, hapa pameandikwa nini?"

Fundi alisogea, akafuata herufi kwa kidole, moja moja, jasho likimtoka.

"Pameandikwa usubiri."

Binti akakunja mikono, akasubiri. Alikuwa bado anasubiri wasimamizi walipotangaza kwamba mwongozo umefaulu kupita matarajio: wanaousoma wanazidi kuwa vijana.