Kompresa ya Barafu, Asembo Bay

King'ora kililia Metrine akiwa amepiga magoti, anapangusa mafuta sakafuni. Kihisi, kidude kidogo kilichofungwa ubavuni mwa kompresa ya kiwanda cha barafu kupima joto na mtetemo, kilikuwa kinawaka taa nyekundu.

Msimamizi, Wechuli, aliingia mbio, simu mkononi. "Nyamazisha hiyo kitu!"

"Bwana Wechuli, mashine inatetemeka vibaya."

"Naona. Hata kwa simu yangu inaonyesha."

"Sasa tuzime."

"Tuzime na akina mama wako hapo nje na samaki wakingoja barafu? Bosi atanimaliza."

Metrine alimfikiria Oluoch, mwenzake wa zamu. Kompresa ya kwanza ilipopasuka, gesi ya amonia ilimchoma macho yote mawili. Ndipo kampuni ikanunua kihisi. Akainuka, akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikanyamaza.

Nje, wachuuzi walianza kupiga kelele. Metrine hakumwachia Wechuli kazi ya kuwaeleza. Alitoka mwenyewe akasimama mlangoni.

"Metrine, unatuua!" alifoka Dolphine, kreti zake za mbuta zimejaa. "Hii samaki itafika Kisumu imeoza!"

"Pole, Mama. Lakini hii kitu ikipasuka, gesi itawapata hapo hapo mmekaa. Siwashi."

Dolphine alimtazama kwa hasira. Halafu akawageukia wenzake. "Haya, beba kreti twende kule mbali. Leteni visu. Leo tutakaanga."

Mafundi walifika mchana, wakaifungua kompresa. Beringi, chuma kinachoshikilia mhimili unaozunguka, ilitoka vipande vipande. Wechuli aliviangalia. Jioni, beringi mpya ikiwa imeshawekwa, bosi alipiga simu.

"Amesema tupandishe kiwango cha kihisi," Wechuli alimwambia Metrine bila kumtazama. "Kisiwe kinalia mapema hivi. Mimi nimeshabadilisha. Washa."

"Umeona ile beringi na macho yako."

"Nimeiona. Washa."

"Rudisha kiwango kwanza."

"Nitatafuta mwingine."

"Tafuta."

Watu wa kutafuta kibarua hawakosekani getini. Wechuli aliwaita, akasema anataka mtu wa kuendesha mashine, kuanzia sasa hivi. Mwanamume mmoja aliinuka haraka, akakung'uta suruali. Alipompita Metrine mlangoni, akasita.

"Dada, kwani wewe umekataa juu ya nini?"

Metrine alimweleza yote, Wechuli akisikia. Mwanamume yule akalitazama jengo, kisha akarudi kuketi getini.