Viputo vya Bi Harusi

Saa mbili na nusu asubuhi karani wa kampuni ya uzamiaji alisimama nyuma ya kaunta, kalamu sikioni, akiwasomea wateja maswali ya afya. Zamani kila mteja alijaza fomu yake pembeni na kuikunja. Ofisi ikaona karatasi zinachelewesha boti, kwa hiyo siku hizi mtu anajibu kwa mdomo, mbele ya foleni nzima.

Nahodha alikuwa akitoa mitungi ya hewa mlangoni, na alisikia yote. Zamu ilikuwa ya bi harusi wa wiki tatu, aliyekuja na mumewe na wifi yake.

"Pumu?"

Bi harusi alimtupia wifi jicho. "Hapana."

"Hata utotoni?"

"Hapana, kaka. Weka alama twende."

"Usijisumbue," wifi alidakia. "Mama alimkagua kabla ya harusi kuliko unavyomkagua wewe."

Foleni ikacheka.

Huko majini bi harusi, mumewe na mwongozaji wa kampuni walizama. Wifi, asiyejua kuogelea, alibaki na nahodha botini. Kazi ya nahodha ilikuwa kufuata viputo, kwani vinapopasukia ndipo watu walipo. Tangu fomu ziondolewe, viputo hivyo vilikuwa vikipasuka na kusema, kila kimoja kwa sauti ya mwenyewe, yale yasiyosemwa kaunta. Jumatatu nahodha alisikia mimba ya miezi miwili, Jumanne sikio lililotoboka, na siku zote mbili alimaliza chai yake. Mwenye sikio alipandishwa akitokwa damu. Nahodha hakumwambia mtu. Aliona si mambo yake.

Viputo vya mume havikuwa na neno. Vya mwongozaji vilitaja mgongo, kama kila siku. Kisha vikapanda vya bi harusi.

"Pumu," kilisema cha kwanza. "Tangu darasa la pili," kikafuata kingine.

Nahodha akakohoa ili wifi asisikie. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Hebu tulia kidogo, baba," wifi alisema, akisogea ukingoni.

"Mjomba alisema wakijua hawatanioa," kilisema kiputo cha tatu. "Dawa ya kuvuta iko kwenye pochi, ndani ya taulo."

Wifi alisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Akatoa simu, akakuta hakuna mtandao, akairudisha.

Hapo viputo vikaanza kuja vidogo vidogo, vya harakaharaka. "Kifua," vilisema. "Kinabana. Kinabana."

Kuwaita watu wa chini ni kugonga ngazi ya chuma mara tatu. Anayegonga huandika sababu, na sababu husomwa palepale kaunta. Nahodha aliacha viputo vitatu vipite. Halafu akagonga.

Mzamiaji hapandi kwa pupa, hewa isije ikamdhuru mwilini. Wale watatu walisimama dakika tatu mita tano chini ya boti, walivyofundishwa. Nahodha alikuwa na saa mkononi, hakuiangalia. Wifi alikuwa ameshaifungua pochi.

Bi harusi alitokeza midomo ikiwa ya kijivu. Wifi akamwekea dawa mdomoni, akamshika kisogo mpaka akavuta mara mbili. Mume aliangalia viatu vyake vya kuogelea.

"Umejuaje?" bi harusi aliuliza alipoweza.

"Umesema mwenyewe, wifi."

"Sasa itakuwaje?"

"Sasa pumua. Mengine mama ataamua."

Wiki iliyofuata ilisikika kwamba bi harusi yuko kwao, anapumzika. Ofisi ikakaa kikao. Nahodha alinyoosha mkono akauliza kama fomu za karatasi zingeweza kurudi, akajibiwa kwamba boti zitachelewa. Kikao kikaamua kwamba viputo vinavunja faragha ya wateja, na kwamba tangu siku hiyo redio ya boti ifunguliwe sauti ya juu kabisa kila watu wanapokuwa chini.

Jumamosi alishuka mzee mmoja mstaafu, mcheshi, aliyejibu "hapana" kumi bila kuvuta pumzi. Nahodha alifungua redio kama alivyoagizwa. Kisha akalala kifudifudi ukingoni na kufunika maji kwa kiganja. Kiputo cha kwanza kilipasuka katikati ya mkono, naye akaelewa: mzee alishapasuliwa moyo mara mbili, na mkewe hajui. Nahodha akaufuta mkono kwenye suruali, akaketi kando ya ngazi ya chuma, akaanza kuhesabu dakika.