Mkono Uliomvuta Ndama

Miaka nenda rudi kaka mtu aliandika gazetini habari za shamba lao, na dada yake akakama ng'ombe. Jioni moja kaka alimfuata dada zizini kumsomea makala yake ya mwisho kabla hajaipeleka.

"'Nikazamisha mkono ndani ya ng'ombe, nikamvuta ndama,'" akasoma kwa madaha.

Dada akaacha kukama. "Mkono wa nani?"

"Dada, wasomaji wanapenda hivyo."

"Wasomaji! Sokoni naitwa Mama Teke kwa sababu uliandika nilivyopigwa teke. Nikianguka, ni mimi. Ndama akitoka salama, ni wewe! Siku hiyo ulifanya nini?"

"Nilishika taa."

"Taa yenyewe uliiweka chini ukatapika!"

Akampokonya makala na kalamu, akamsukumia ndoo kifuani. "Haya, bwana mkubwa, mkame wewe!"

Kaka akachuchumaa akinung'unika. Ng'ombe akageuza shingo, akamtazama, kisha akamtandika teke la pajani.

Dada hakucheka. Aliikata ile sentensi kwa nguvu hata karatasi ikachanika, akaandika juu yake: "Dada yangu ndiye aliyemvuta ndama."

"Hii ndiyo itakayokwenda," akasema. "Na teke la leo uliandike kwa jina lako."